Namna ya Kushona Mfarishi wa Maua Ukabaki na Akili Timamu

Mwenye busara angeanza na foronya. Wewe anza na kitanda cha sita kwa sita, kisha ongeza futi moja kila upande ili maua yaning'inie. Hapo una futi nane kwa nane, na meza ya futi tatu.

Vitambaa unavyo, vimejaa kwenye kiroba chini ya kitanda: mabaki ya vitenge vya harusi za watu. Hata hivyo nenda dukani, maana nyekundu uliyonayo si ya waridi, ni ya sare. Fua vyote kwanza, visije vikachujia rangi kwenye kitambaa cheupe.

Chora ua, libandike kitambaa cha gundi kwa pasi upande wa nyuma, likate, lipange mahali pake juu ya kitambaa cheupe. Sasa lizungushie zigzagi ya kubana: upana milimita 3, urefu usizidi nusu milimita. Cherehani nyeusi ya kukanyaga uliyorithi kwa bibi haiendi zigzagi, kwa hiyo azima ya umeme na uombee umeme. Kwenye mzingo wa petali, simamisha sindano ikiwa imezama nje ya ua, inua mguu unaobana kitambaa, geuza kidogo, teremsha, endelea. Ukiizamisha ndani, utaacha mwanya wa pembetatu ambao shangazi atauona bila miwani. Petali moja hugeuzwa mara kadhaa, ua lina petali tano, nawe umechora maua sitini. Usipige hesabu. Uzi wa chini utaisha katikati ya petali; ndiyo desturi yake.

Kisha tandaza kitambaa cha chini, pamba katikati, bustani yako juu, ushone tabaka zote pamoja. Kusema ni rahisi. Kutenda ni kupitisha godoro chini ya sindano.

Ukimaliza utaulizwa bei. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona mfarishi wa visa vya Biblia kwa mkono na kwa cherehani. Alitaka dola 10. Shida ikamfanya auuze kwa 5. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian. Basi taja bei nono bila kupepesa macho, na mteja atakayesema, "Si viraka tu hivi?", mwelekeze yanakouzwa mashuka ya mtumba.