Bosi, Antena Siyo Dawa

Waifai ya chuo ikigoma, kila mtu ni fundi. Mhadhiri atasema bando limekwisha, mhasibu atasingizia mvua. Bosi ataagiza antena nyingine, maana antena inaonekana ukutani na wageni wanaoneshwa. Seva ya DHCP, ambayo ndiyo inayogawa anwani, imejificha kwenye kile chumba cha kiyoyozi, kwa hiyo bajeti haiijui.

Mwanafunzi anakuja na kompyuta yake: "Kaka, imeshika, mbona haifunguki?" Natazama, anwani inaanza na 169.254. Hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuiita seva ikakosa jibu. Hata ukizungushia jengo zima antena, jibu ni hilohilo.

Mtandao tuliorithi una anwani 254, basi. Wanafunzi wanapita elfu, kila mmoja na simu na kompyuta mpakato, na siku hizi hata saa ya mkononi inadai anwani yake. Kanuni za DHCP zilipotoka mwaka 1993, saa ilikuwa ya kuangalia saa.

Kuna jambo baya zaidi. Seva yetu ni ya Windows, na usipoigusa inakodisha anwani kwa siku nane. Ni gesti hii jamani: mteja kapita kunywa soda, kaondoka na ufunguo, na mapokezi wanaandika chumba kina mtu mpaka wiki ijayo! Halafu simu za sasa hujitambulisha kwa namba bandia, na nyingine huibadili kila baada ya muda. Seva ikiona namba mpya, inampa "mgeni" huyo chumba kingine.

Dawa ipo. Panua mtandao kutoka /24 hadi /20, upate anwani 4,094; ruta nayo iambiwe; ukodishaji ushuke hadi saa moja au mbili. Haigharimu hata shilingi, na nadhani ndiyo maana haipiti kikaoni. Kitu kisicho na risiti hakina mtetezi.

Na wewe uliyechomeka ruta ya nyumbani kwenye ukumbi wa mikutano "ili neti iwe kali": ruta yako inagawa anwani zake za 192.168.1, na nusu ya ghorofa imepotea njia. Ichomoe leo. Jina sitauliza.