Sifa za Mkubwa Wetu

Mkubwa wetu ana moyo. Tulipomaliza utafiti kuhusu akina mama wanaojifungulia nyumbani, hapa Machakos, nilidhani sisi manesi watatu tungeubeba wenyewe mzigo wa kuitwa waandishi. Akatutua. Jina lake likatangulia, likafuatwa na la rafiki yake wa Nairobi ambaye, nasikia, aliwahi kupita Machakos akienda Kitui. Sisi tukapewa nafasi kule mwisho, kwenye shukrani: "wahudumu wa afya." Majina yetu hayakuchoshwa.

Wenye husuda watauliza yeye alifanya nini. Tulipokuwa tukipanda milima ya Iveti kwa bodaboda, hojaji zimevishwa koti la mvua na sisi tukilowa, tukiuliza kwa Kikamba na kuandika kwa Kiingereza, kisha tukiwahi zamu ya usiku, yeye alikuwa akituamini. Kumwamini mtu miezi minane bila kumtembelea hata siku moja si mchezo.

Tena anafuata kanuni. Wahariri wa majarida ya tiba, ambao umoja wao ulianzia kwenye mkutano wa Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne: mwandishi awe amechangia kwa uzito kuubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, aandike makala au aipitie kwa kina, aidhinishe nakala ya mwisho, na awajibike kwa yaliyomo. Kutafuta fedha tu, au kusimamia kwa jumla, hakutoshi. Sharti la kwanza tulimtimizia sisi. Kwa la pili, alifuta "pia" akaandika "vilevile". Kwa la tatu, alijibu "Sawa" kwenye WhatsApp. La nne akaliweka akiba.

Sisi tulikwamia la pili, kwa kuwa nakala haikutufikia. Wahariri haohao wameonya kwamba aliyefanya kazi asinyimwe nafasi ya kuisoma makala, kisha akaambiwa hakutimiza masharti. Lakini hatukunyimwa, tulipumzishwa.

Na mapumziko haya yana historia. Miaka ya 1970, wasaidizi wa utafiti walibisha hodi kila wiki mbili katika nyumba za Matungulu na Mbiuni, hukuhuku Machakos, wakiandika mimba, uzazi, surua na vifo. Kitabu kilitoka mwaka 1984, kikiwa na majina ya wahariri wawili, van Ginneken na Muller. Jalada halikuwasumbua waliobisha hodi.

Asiyemjua mkubwa wetu atadhani anapenda kula peke yake. Juzi msomaji mmoja aligundua kwamba jedwali la pili lina akina mama 212, na la tatu lina 221. Mhariri akaomba maelezo. Jioni hiyohiyo simu yangu ikaita.

"Sista," akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "hii kazi ni yenu."