Sifa za Namba Isiyosahau

Nimeishi Bweranyange miaka sitini na ushei, na katika miaka hiyo nimesahauliwa na wengi. Wamenisahau walioahidi barabara. Wamenisahau waliokuja kunipiga picha kwa ajili ya mradi. Kanisahau rafiki yangu wa ujana, aliyehamia Mwanza na jembe langu. Mmoja tu hajanisahau hata siku moja, naye ni namba yangu ya mkopaji, ile inayopima kama nitalipa. Waimbaji wetu huwasifu marehemu na wenye magari. Namba hii haijapata hata ubeti mmoja. Leo nimefua kanzu, nimesimama, naomba kimya.

Tulijulishwa mwaka jana mjini Kayanga, mbele ya meza ya afisa mikopo, binti mwenye adabu aliyeniamkia kabla ya kunihukumu. Nilitaka mkopo wa mabati. Nilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, wadhamini wawili, shamba la kahawa linaloonekana toka barabarani, na picha mbili za pasipoti ambazo ndani yake nafanana na mtu anayetafutwa. Binti akabofya, akasubiri, akanitazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa na ndugu zake.

"Waitu," akasema kwa upole, "mfumo umekukataa."

Nikauliza huyo Mfumo anakaa wapi nimpelekee ndizi. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Nikaona jina langu, na pembeni yake 312.

Basi tuanze na sifa ndogondogo. Namba ni karimu: huko Marekani, ambako ile maarufu kuliko zote ilitolewa mwaka 1989 na kampuni iliyoanzishwa na Bill Fair na Earl Isaac, ngazi huanzia 300 na kuishia 850. Sifuri haipo. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa na sifuri za kutosha darasa zima, na fimbo juu. Namba ni nyenyekevu pia: haikutembelei, haikupigii simu, hukaa kimya miaka hata mitano mpaka asubuhi ile ile unapoihitaji. Haijali dini wala ukoo. Hizi naziacha hapa mezani, anayezitaka azichukue.

Sifa kubwa ni kumbukumbu.

Mwaka 2019 kijana wa jirani alioa. Kamati ya harusi ilinipangia mchango wa shilingi 50,000, na anayejua kamati zetu anajua kwamba kupangiwa si kuombwa. Nilikuwa na 30,000. Zile 20,000 nikazikopa kwenye simu, dakika mbili tu, bila mdhamini wala barua ya mtendaji, nikajiona mtu wa kisasa. Nikawa nalipa kidogokidogo. Ilipobaki 6,200 likatokea jambo la kitaifa: kila laini ilitakiwa isajiliwe kwa alama za vidole, na isiyosajiliwa ianze kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Nikajipeleka. Mashine ikavikataa vidole vyangu. Jembe na kuchuma kahawa vilikuwa vimefuta mistari yote, na kijana wa kusajili akanishauri nipake mafuta, nipumzike wiki mbili bila kulima, kisha nirudi. Na namba ya kitambulisho cha taifa nayo ilikuwa bado njiani. Laini ikazimwa.

Deni lilikuwa limefungwa kwenye laini kama mbuzi kwenye kamba. Kamba ilipokatika nikadhani mbuzi kafa. Kumbe alikwenda Dar es Salaam kunenepa.

Tazama sasa kumbukumbu ya namba ilivyo kubwa. Bibi yangu aliweza kumtaja kwa jina na kwa jina la baba yake mtu aliyemnyima chumvi mwaka wa njaa. Lakini bibi alifariki, na mwenye kunyima chumvi akapona. Cheti changu cha ubatizo nimekitafuta parokiani mara tatu. Daftari la mwaka wangu limeliwa na mchwa, kwa hiyo mbinguni nitaingia kwa maneno ya mashahidi. Jirani yangu anakumbuka mpaka wa mashamba yetu, ila kumbukumbu yake husogea kila mvua za vuli, tena kuelekea kwangu. Hata ile harusi imesahaulika na wenyewe. Waliachana mwaka 2022. Bibi harusi karudi kwao, bwana harusi yuko Biharamulo na mwingine, keki tulishaila, mwenyekiti wa kamati alishahamia chama kingine cha siasa. Duniani kote pamebaki mahali pamoja tu panapoiadhimisha ndoa ile, napo ni kwenye faili langu. Siku watoto wao watakapotaka ushahidi kwamba wazazi walipendana, waje kwangu, nitawaonyesha 6,200.

Cheti cha ubatizo, mara tatu hakuna kitu. 6,200, sekunde nne. Nimewaambia wanangu nikifa wasihangaike na jiwe la kaburi.

Wanaodhani maajabu haya ni mapya hawajasoma. Mwaka 1841 mjini New York, Lewis Tappan, mfanyabiashara wa hariri aliyeangushwa na mtikisiko wa fedha wa 1837, alifungua ofisi ya kuandika nani analipa na nani halipi. Tappan alikuwa mcha Mungu na adui wa utumwa, mmoja wa waliowapigania mateka Waafrika wa meli ya Amistad. Mawakala wake walimwandikia kutoka miji ya mbali: fulani anakunywa, fulani mkewe ana akili kuliko yeye, fulani asipewe kitu. Ofisi hiyo ilizaa kampuni, kampuni ikaungana na mshindani wake mwaka 1933 na kuwa Dun & Bradstreet. Benki Kuu yetu ilipotoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012, kampuni mbili zilipata leseni mwaka uliofuata: moja Creditinfo, nyingine yenye jina hilo hilo la Dun & Bradstreet. Miaka 172 kutoka kwa Tappan hadi kwetu.

Lakini sisi wa Bweranyange hatukuwa tunawangoja. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Alipokufa Omukama Ndagara, wana watatu waliugombea ufalme, na Speke, yule Mwingereza aliyefika hapa mwishoni mwa 1861, aliandika jinsi walivyopimwa. Iliwekwa chini ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, iliyosheheni dawa. Ndugu wawili waliinyanyua ikagoma. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Ndani ya ngoma mlikuwa na nini? Hawakuambiwa. Ilipimaje? Hawakuambiwa. Aliyeshindwa angeweza kuomba nakala ya matokeo? Rogero, mmoja wa walioshindwa, alichagua kupigana vita. Kwa hiyo wataalamu wakija na kompyuta kutufundisha kipimo kisichofunguliwa, wapeni kiti na kahawa ya kutafuna, waambieni karibuni nyumbani.

Speke mwenyewe, katika safari ile ile, alichukua utepe akampima shemeji wa mfalme mkono, kifua, paja na shavu la mguu, kwa sababu alistaajabia unene wake. Vipimo akavichapisha kitabuni mwaka 1863. Mama yule hakupewa nakala.

Nirudi kwenye sifa. Nilikubali kosa langu, nikaenda kulipa. Naomba lisomwe taratibu: nilikwenda kulipa. Wakala wa kwanza akasema laini hiyo haipo. Wa pili akasema ipo, ila si yangu tena, iko kwa mama mmoja wa Singida ambaye, nilipompigia, alinitukana akidhani ni tapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii." Nikapiga huduma kwa wateja. Nikapigiwa wimbo. Nikaambiwa simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha wimbo tena, vocha yangu ikaisha, nikanunua nyingine. Akaja kijana akaniuliza nambari ya siri ya laini iliyozimwa mwaka 2020. Nikamjibu kwamba mashine yao ilikataa vidole vyangu, sikukataa mimi. Akasema, "Kwenye mfumo inaonekana mteja hakutoa ushirikiano." Hakutoa ushirikiano! Nilipanda bodaboda mara tatu kwenda kuwapa vidole kumi, vyote nilivyonavyo! Nauli ile ingelimaliza deni mara nne, na hakuna faili popote lililoandika kwamba mzee huyu alikuja tarehe fulani na hela mkononi akafukuzwa na wimbo.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Hatimaye walipokea. 6,200 ilikuwa imekua ikawa 14,800, afya njema kabisa. Nikapewa barua ya kumaliza deni, nikaipeleka Kayanga. Binti akanieleza vizuri, na nitayarudia maneno yake kwa sababu ndiye pekee aliyenieleza. Wakopeshaji hupeleka taarifa kwenye kanzidata ya Benki Kuu, kwa hiyo kulipa peke yake hakutoshi. Hakikisha wameandika kwamba umelipa, omba taarifa yako uisome mwenyewe, na ukiona kosa lalamika kwa maandishi. Barua itunze. Kisha kopa kidogo, lipa kabla ya tarehe, usikope kwa wawili kwa mpigo, usichukue hata kama simu inakubembeleza. Kinachopima zaidi ni kulipa kwa wakati. Hata kwa Wamarekani hilo peke yake ni asilimia 35 ya namba yote.

"Kwa hiyo nikope ili niaminike?"

"Ndiyo, mzee wangu."

Nikamwambia mama yangu ana miaka 84 na hajawahi kudaiwa hata kijiti cha kibiriti. Akabofya. Akaniambia mama hayupo. Nilimwacha nyumbani akimenya ndizi.

Msidhani namba haina wapinzani. Kuna zile programu za mikopo ya simu za kausha damu, ambazo hazikuwa na haja ya kanzidata: zilisoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili zinampigia mkweo. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia 69 zilizofanya kazi bila leseni. Halafu kuna butura yetu wenyewe, iliyopigwa marufuku na bado inatembea kifua mbele. Mwenye butura hakuulizi namba. Anakuja miezi ya ukata, ada ya shule imefika na debe la maharage limeonyesha sakafu. Anatazama maua ya mbuni wako, anakupa hela ya leo, na msimu ukifika gunia ni lake kwa bei aliyoipanga yeye. Ni mtu wa kufurahisha. Anajua majina ya watoto wako wote. Nimeshamuuzia maua mara mbili, na sitasema kwamba nilidanganywa, maana nilikuwa nahesabu pamoja naye.

Kwa nini nilimuuzia? Hapa ndipo sifa zangu zinapoanza kupotea njia, na nitaziacha zipotee.

Jibu linaanzia mbali. Kwa majirani zetu Kenya, mwishoni mwa 2022, Benki Kuu yao ilitangaza kwamba mwenye deni bovu la simu apunguziwe angalau nusu, na jina lake lirekebishwe, akimalize kilichobaki kabla ya Mei 2023 kwisha. Nilipolisikia hilo nilishtuka. Kumbe namba huweza kuambiwa isahau! Kumbe kuna watu wanaokaa kwenye viti na kuamua ikumbuke nini na isahau nini. Mimi nilidhani ni kama mvua.

Ikiwa ni hivyo, yupo aliyeamua pia kwamba isikumbuke kahawa yangu. Msimu uliopita nilipeleka magunia saba kwenye chama chetu cha ushirika. Yakapimwa, nikapewa stakabadhi, nikaambiwa malipo wiki ijayo. Wiki ijayo ni mtoto anayekua polepole sana huku kwetu. Mnada umefanyika, hela iko benki, mhasibu kasafiri, sahihi ya pili haijapatikana, kuna makato yanahakikiwa. Miezi ikapita. Katika miezi hiyo rejesho langu dogo la mfano, lile la kujenga upya jina, lilichelewa siku kumi na moja, na namba, kwa uaminifu wake usio na kifani, ikaziandika siku zote kumi na moja. Waliochelewa kunilipa hawakuandikwa mahali. Hawana 312. Hawana hata 300 ile ya ukarimu. Wao, kama mama yangu, hawapo.

Wiki iliyopita nilikwenda tena chamani. Karani, kijana mzuri tu, nimemfundisha baba yake kupogoa mibuni, akanivutia benchi akasema, "Shikamoo mzee. Malipo yenu ni Jumatatu."

Nikamwitikia marahaba. Nikatoa daftari la kurasa 96 nililonunua dukani, nikaandika tarehe, nikaandika "Jumatatu", nikamwomba namba ya kitambulisho ya chama na alama za vidole za mwenyekiti.

Akacheka mpaka akashika meza. Nikamngoja amalize, kalamu ikiwa juu ya mstari.