Sifa za Adhabu ya Karata Moja

Miongoni mwa mambo yanayolaaniwa kila jioni katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia mifereji mikavu hadi nauli inayopanda mara tu mvua inapoanza kunyesha, hakuna linalotukanwa kwa bidii zaidi, wala linalokosa mtetezi zaidi, kuliko adhabu inayompata mchezaji wa kadi aliyeunganisha karata zisizoungana. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa kamili, na Erasmus akaupa upumbavu kitabu kizima kilichochapishwa mwaka 1511. Si haki basi kwamba adhabu hii, ambayo imewalea vijana wa Kaloleni, Jericho, Umoja na Kayole kwa subira kuliko walimu wengi, ipite bila hata aya moja ya shukrani.

Kadi, ambayo wengi jijini Nairobi huiita pia poka ingawa haina undugu na poka ya kamari, ni mchezo ambamo kila mtu hugawiwa karata chache, aghalabu nne, kisha kwa zamu hutupa karata inayolingana na ile iliyo juu ya meza kwa namba au kwa aina, yaani kopa, uru, pau au shupaza, na anayemaliza za mkononi kwanza ndiye mshindi. Ndani ya mpango huo mwepesi karata zimegawanyika kwa vyeo na kazi: J humruka mchezaji anayefuata, K huurudisha mzunguko ulikotoka, 2, 3 na jokeri humlisha jirani karata asizozitaka, A huzuia mlo huo au hubadili aina inayochezwa, na 8 pamoja na Q huuliza swali, ambalo maana yake ni kwamba aliyezitupa lazima aziandamanishe na karata nyingine ya aina ileile iwe jibu. Hapo ndipo tamaa ya kuunganisha inapozaliwa. Aliye na Q ya kopa, 8 ya kopa, 8 ya pau na 5 ya pau anaweza kuzitupa zote nne kwa mpigo mmoja, kila moja ikishikana na mwenzake, na wenziwe wakabaki wameduwaa. Lakini akikosa ile 5, au jibu jingine la pau, fahari yake yote hubaki swali lisilojibiwa, naye hunyoosha mkono kwenye rundo na kuokota karata moja.

Jambo la kwanza la kusifiwa ni ukarimu. Adhabu nyingine zote za jijini humpunguzia mtu, ama fedha, ama bidhaa, ama muda, bali hii humwongezea; mtu aliyeketi akiwa na nia ya kubaki mikono mitupu hujikuta amepewa mali, tena bila kujaza fomu, bila kuzungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, na bila kulazimika kumwona mtu fulani nyuma ya kibanda ili jambo liishe kimyakimya.

Ubora wake huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na adhabu ya ng'ambo iliyolenga kosa hilohilo. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, mchezaji humchagulia mhusika wake fani moja, kama vile mpiganaji, mchawi au mwizi, na baadaye huweza kumwongezea fani nyingine. Toleo la tatu, la mwaka 2000, liliamuru kwamba mhusika ambaye fani zake zimepishana kwa zaidi ya daraja moja apoteze asilimia 20 ya alama za uzoefu, ambazo ndizo humpandisha daraja, kwa kila fani iliyoachwa nyuma hivyo, isipokuwa ile inayopendelewa na kabila lake la kubuni, kwa mfano uchawi kwa waitwao Elf. Wachezaji wengi waliiona hesabu hiyo kuwa karaha, na toleo la nne la mwaka 2008 likaja bila hiyo. Kasoro yake haikuwa ukali bali ububu: asilimia 20 hukatwa kwenye karatasi bila mtu kuhisi, ilhali karata inayovutwa kutoka kwenye rundo huonekana na meza nzima, na kicheko hufuata kabla haijafika mkononi.

Isitoshe, adhabu ya kadi haimkatazi mtu kuchanganya. Kijana wa Kariobangi anayenyoa vichwa asubuhi, akaendesha bodaboda mchana na kuuza kredo usiku hapati ndani yake neno lolote la kumkemea. Anaulizwa tu kama mwisho wa mnyororo wake una jibu. Wanaosema kwamba inamwonea mwenye bidii hawajaitazama vizuri, kwa kuwa mwenye karata moja tu ya 8 na asiye na jibu huokota sawasawa na mwenye nne.

Sifa yake nyingine ni kutoheshimu vyeo. Katika meza nyingi mchezo haumalizwi kwa J, Q, K, A, wala kwa zile zinazolisha, bali kwa 4, 5, 6, 7, 9 au 10, karata zisizo na madaraka yoyote. Wakubwa wanaweza kuvuruga meza watakavyo, lakini kazi hukamilishwa na raia wa kawaida, jambo ambalo wakazi wa Eastlands wamelishuhudia pia nje ya karata. Tena anayekaribia kushinda lazima atangaze mapema, "Niko kadi," na akinyamaza kwa ujanja ushindi wake haukubaliwi. Baadhi ya mitaa humwokotesha juu ya hayo, mingine humrudisha tu kwenye foleni, na mgeni kutoka Buruburu anayeketi Dandora bila kuuliza kwanza sheria za hapo hana wa kumlaumu.

Utekelezaji wake hauhitaji askari. Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, una nyumba ndogo zilizopangwa kuzunguka viwanja vya wazi, na kwa sababu hiyo meza huwekwa nje, ambako watazamaji ni wengi kuliko wachezaji na kila mmoja wao anajijua kuwa hakimu. Kuna wanaolalamika kwamba adhabu hurefusha mchezo hadi ugali unapoa. Malalamiko hayo ni ushahidi wa upande wa utetezi, kwani stima ikipotea saa moja jioni mchezo ambao kila mtu anaunganisha apendavyo ungeisha dakika chache baadaye, na watu wangebaki gizani wakizungumzia kodi ya nyumba.

Kwa hiyo pale mezani patakapotolewa hoja ya kuifuta, na hutolewa karibu kila juma na yule aliyeokota mara nyingi zaidi, msomaji anaombwa aipinge bila kusita, na mtoa hoja, kama bado hana jibu, aokote.