Chaja ni Chaja, Bora Itoe Taa

Kitengela kuna akina baba wanaonunua kigari cha rimoti "cha mtoto", kisha mtoto anaruhusiwa kukishika akiwa shuleni. Bei ya kigari haiwatishi. Wakifika kwenye chaja ndipo hukumbuka kwamba maisha yamepanda: "Chaja ni chaja, bora itoe taa."

Taa inatoa, kweli. Nyekundu, usiku kucha.

Betri ya lithiamu ya seli mbili huandikwa volti 7.4 na hujaa ikifika 8.4. Ile ya nikeli yenye seli sita huandikwa 7.2, kwa hiyo mwenye haraka ataapa kwamba ni ndugu wa toka nitoke. Chaja ya nikeli husubiri volti ishuke kidogo ndipo ijue betri imeshiba. Lithiamu haina adabu hiyo. Italishwa hadi itoke kitambi cha mwenyekiti wa kamati ya harusi, halafu iwake moto. Ule waya mwembamba wa kusawazisha seli, baba anauona pambo. Na betri ya miliampea-saa 5,000 kwa kawaida huchajiwa kwa ampea 5, si kwa kadiri ya haraka ya mzee.

Baba wa Kajiado mjini, stima ikipotea, huchomeka chaja yake kwenye betri ya pikapu, kwa kuwa chaja nyingi nzuri hukubali volti 12. Kigari kinakimbia vizuri sana. Pikapu ndiyo haiwaki asubuhi, na aliyeimaliza betri, tunaambiwa, ni mama watoto na redio yake.