Ukitaka Kulipokea Ini Zamu

Mjini siku hizi hukosi mtu wa kukuuzia chupa ya kusafisha mwili. Atakuambia ini lako limechoka, limejaa sumu, linahitaji msaada. Kabla hujafungua pochi, jaribu hili kwanza: liambie ini likapumzike mpaka kesho, kisha ushike zamu wewe. Maelekezo ni haya.

Anza na hesabu. Mtu mzima wa kilo 70 hubomoa gramu 250 hadi 300 za protini yake mwenyewe kila siku. Anabomoa misuli, utando wa utumbo, vimeng'enya vilivyomaliza kazi. Chakula huongeza gramu 70 hivi. Zote utazikata mpaka zibaki asidi amino, za aina 20, na sehemu kubwa utairudisha kwenye ujenzi wa protini mpya siku hiyohiyo. Usitafute pa kuweka akiba. Mafuta ya ziada yana mahali pake, hata sukari huwekwa kiasi ndani ya ini na misuli, lakini asidi amino hazina ghala. Isiyojenga leo itavunjwa leo.

Aina 9 kati ya hizo 20 huwezi kuziunda, lazima ziliwe. Zilizobaki utazijenga, nyingi kwa kuchukua mabaki ya sukari na kuyapachika nitrojeni kutoka kwenye glutamati. Hakikisha vitamini B6 ipo, maana bila hiyo upachikaji haufanyiki. Viwili kati ya vimeng'enya vya kazi hii unavijua kwa majina kama umewahi kupimwa ini: ALT na AST. Makazi yake ni ndani ya seli. Daktari akivikuta vingi kwenye damu anajua kuna seli zimeumia.

Mchana ataletwa mtoto aliyelishwa ugali mtupu, na hapa utulie, kwa sababu hii ndiyo sehemu inayoumiza. Mahindi yana protini, tena si haba, ila yana upungufu wa lisini na triptofani. Kujenga protini ni kama kutunga shanga kwa mpangilio usiobadilika: rangi moja ikikosekana, uzi unasimama hata kama kikapu kimejaa rangi nyingine. Na kwa kuwa ghala hakuna, hizo nyingine zitavunjwa na nitrojeni yake itatoka na mkojo. Mtoto ameshiba, na bado mwili wake umekosa cha kujengea. Usihangaike kutafuta chupa ya kumponya. Changanya maharage kwenye chakula hichohicho. Maharage yana lisini ya kutosha na yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo, kwa hiyo kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Waliotangulia kupika makande na githeri walilitatua jambo hili kabla maabara yoyote haijaijua lisini.

Jioni inakuja kazi ya hatari. Ukivunja asidi amino unabaki na amonia, na amonia ni sumu kwa ubongo. Ini likishindwa kuiondoa, mgonjwa huchanganyikiwa, kisha hupoteza fahamu. Igeuze iwe urea, upesi. Chukua amonia na kaboni dioksidi ndani ya mitokondria, iunganishe na ornitini upate sitrulini, itoe nje, ongeza nitrojeni ya pili kutoka kwenye aspatati, fika kwenye arginini, kisha ikate. Urea inakwenda kwenye figo. Ornitini inarudi mwanzo ikiwa kamili, tayari kwa mzunguko mwingine. Kila molekuli moja ya urea itakugharimu nishati sawa na ATP nne, na kabla siku haijaisha utatakiwa kutoa gramu 20 hadi 30 za urea.

Mzunguko huu uligunduliwa na Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit mjini Freiburg, Ujerumani, mwaka 1932. Walikuwa wakikata ini la panya vipande vyembamba na kuviongezea kitu kimoja kimoja, wakaona kuwa ornitini kidogo tu inazalisha urea nyingi bila yenyewe kwisha. Mwaka uliofuata Krebs alifukuzwa kazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Alikimbilia Uingereza, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel.

Samaki wengi hawajisumbui na mlolongo huo wa urea. Amonia yao huishia majini kupitia mashavu. Lakini nenda Ziwa Magadi, Kenya, ambako maji yana magadi makali, pH yake ikiwa 10 hivi. Katika maji ya namna hiyo amonia haitoki kwa urahisi. Perege mdogo wa huko hutoa takataka zake zote za nitrojeni zikiwa urea, kama wewe. Nadhani perege huyo angestahili ukurasa wake katika kila kitabu cha sayansi cha shule zetu.

Usiku ni zamu ya nukleotidi, herufi za DNA na RNA. Seli moja ikitaka kugawanyika inahitaji herufi zipatazo bilioni 12. Purini utazijenga juu ya sukari ya ribosi, chembe kwa chembe, ukitumia glisini, glutamini, aspatati, kaboni dioksidi, na vipande vya kaboni vinavyobebwa na foleti. Pirimidini hufuata njia tofauti: pete huundwa kwanza, sukari huja baadaye. Zote mbili ni ghali, kwa hiyo okoa kila herufi kuukuu inayoweza kutumika tena. Watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya muhimu cha kuokoa purini huishi na ugonjwa mzito wa Lesch-Nyhan, unaowafanya wajing'ate midomo na vidole.

Purini isiyookolewa huishia kuwa asidi ya yuriki. Ng'ombe na mbuzi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Mababu zetu walikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo ikizidi, fuwele zake hujikusanya kwenye viungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na hilo ndilo jongo. Mwenye jongo apunguze maini, dagaa na nyama nyekundu, na bia zaidi ya vyote, kwani inaleta purini zake na wakati huohuo inazuia figo kuitoa asidi hiyo. Asiogope maharage, purini za mimea hazijaonekana kuongeza jongo.

Sasa umefika mahali ambapo msaada kutoka nje unawezekana kweli. Vimelea vya malaria haviwezi kujijengea purini, huziiba kwenye chembe zetu nyekundu za damu. Pirimidini lazima vijenge vyenyewe, na kwa hilo vinahitaji foleti. Huko Marekani, George Hitchings, Gertrude Elion na wenzao hawakutafuta dawa ya kusafisha kila kitu. Walitafuta tofauti kati ya ujenzi wa nukleotidi wa adui na wetu, na katika kazi hiyo ikapatikana pirimethamini. Hitchings na Elion walitunukiwa Nobel mwaka 1988. Pirimethamini ndiyo "P" katika dawa ya malaria iitwayo SP, na mwenzake salfadoksini huzuia vimelea visijitengenezee foleti. Sisi tunaipata foleti kwenye chakula, ndiyo maana dawa hiyo inaviumiza vimelea na kutuacha sisi.

Basi weka chupa ya kusafisha mwili mahali ulipoikuta, na pesa yake nunulia maharage ya mtoto. Na wewe mama mjamzito, ukipewa kliniki vidonge vya SP vya kukukinga na malaria, vimeze hapohapo mbele ya muuguzi, hata kama hujisikii mgonjwa. Usijinunulie vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 ukameza juu yake, kwa sababu vinaipunguzia SP nguvu. Meza vile vya kiwango kidogo ulivyopewa pamoja na madini ya chuma, na tarehe ya kurudi usiikose.