Mhadhara wa Bure, Kiingilio Elfu Mbili

Mabibi na mabwana, waheshimiwa wageni, na nyinyi mliofuata soda: tulieni. Aliyesimama mbele yenu ni Bingwa wa Maadili, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mwenye sifa za kunitunuku.

Leo namaliza ugomvi uliowashinda wanafalsafa wa Ulaya kwa miaka zaidi ya 200: tendo huwa jema kwa kuwa ni wajibu, au kwa kuwa matokeo yake ni mema? Msihangaike kunakili. Kijitabu changu kinauzwa pale mlangoni.

Naanza na Immanuel Kant wa Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Alizaliwa huko 1724, akafia huko huko 1804, wala hakupata kusafiri mbali. Nami Dodoma sijafika, mfanano mnauona. Mwaka 1785 Kant aliandika kwamba kabla hujatenda, ujiulize kama ungeridhia kanuni yako iwe sheria ya kila mtu. Akatoa mfano wa mtu anayekopa fedha akiahidi kulipa, na huku moyoni anajua halipi. Wote wakifanya hivyo, nani ataamini ahadi? Nani atakopesha? Hapa namwangalia ndugu wa safu ya tatu, mwenye shati la kijani, ambaye namdai laki moja tangu Idi. Jina simtaji. Anayemdai hapa si mimi, ni Kant.

Mwanamume yule alikuwa mkali! Mwaka 1797, akimjibu Benjamin Constant aliyesema kwamba ukweli anastahili kuambiwa yule tu mwenye haki nao, Kant alishikilia kwamba hata muuaji akija kumuulizia rafiki yako aliyejificha ndani, hupaswi kumdanganya. Ukisema "katoka", kumbe rafiki naye keshachomoka kimyakimya, wakakutana njiani, lawama ni yako. Uongo ni uongo, hata uwe na…

Nani anagonga? Mama mwenye ukumbi? Mwambieni sijafika.

Mnacheka nini? Tumeingia sehemu ya pili ya mhadhara.

Jeremy Bentham, Mwingereza, kitabu cha mwaka 1789. Yeye hakuuliza wajibu, aliuliza hesabu. Raha ni kali kiasi gani? Itadumu? Ina uhakika? I karibu? Itazaa raha nyingine? Haijachanganyika na maumivu? Itawafikia wangapi? Vipimo saba, basi. Sasa tupige hesabu ya kodi ya ukumbi. Ikiwa mkononi mwa mama, anafurahi mtu mmoja. Ikibaki mfukoni mwangu, mnaelimika ukumbi mzima. Furaha ya wengi! Maadili yamesema, si mimi.

Bentham mwenyewe, alipofariki 1832, aliacha wosia mwili wake uhifadhiwe. Mpaka leo yuko chuoni kwao London, University College, kakaa kwenye kiti ndani ya kabati la kioo, kavaa suti yake. Kichwa tu ndicho cha nta, maana walipokikausha cha kweli kiliharibika, kikatisha watu. Huyo ndiye bingwa wa kuona matokeo mapema.

Kijana wa nyuma, shusha mkono. Unasemaje? Kwamba John Stuart Mill, mfuasi wa Bentham huyo huyo, alionya kuwa kila uongo unapunguza watu kuaminiana, na hasara hiyo nayo ihesabiwe? Mill yumo katika juzuu ya pili. Inauzwa peke yake.

Na wewe wa shati la kijani, keti. Ati una watoto sita, kwa hiyo laki yangu inaleta furaha zaidi kwako? Bentham hafanyi kazi kuanzia safu ya tatu kurudi nyuma. Huko ni eneo la Kant.

Nani kafungua mlango? Aa, shikamoo mama! Karibu, pita mbele kabisa, tulikuwa tunakutaja kwa wema. Ndugu wa shati la kijani, hebu angalia mfukoni, una chochote hapo?